Kilio Kisicho na Jembe

Kwihara, kwa njia ya Posta ya Tabora
14 Septemba 1938

Bwana Mhariri ambaye hujajibu barua zangu mbili,

Salaam, na pole kwa msiba wa Bi Mwanamkuu. Kwa kurasa ulizomwandikia nadhani mlinyonya ziwa moja.

Mimi ni Ambrosi Lugembe, mchimba visima. Nilianza na jembe moja la mpini uliokatika. Leo nina sururu nne, kamba za katani pima sitini, na visima thelathini na saba vyenye maji. Shule sikukaa sana, lakini hesabu naijua, maana mchimba visima asiyejua hesabu huteremka mara moja tu. Barua zangu mbili zilikuwa fupi na za adabu. Hazikujibiwa, ila wakala anayeuza gazeti lako hapa mjini aliniambia, "Mzee Lugembe, nafasi hakuna, gazeti limejaa msiba." Kwa hiyo hii ya tatu ni ndefu.

Nakukumbusha jambo lenyewe. Jumatano, tarehe 24 Agosti, gari la moshi kutoka pwani lilituletea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa habari kwamba Bi Mwanamkuu, yule mwimbaji wa Tanga ambaye sahani zake zinalia katika kila santuri, amefariki. Cha pili kilikuwa mtu mgonjwa wa daraja la tatu, ambaye abiria wenzake walimshusha wakamlaza kwenye baraza la stesheni, kichwa juu ya kifurushi chake. Habari ilipokewa. Mgonjwa alirukwa. Nasema alirukwa kwa miguu: mimi nilikuwa pale kupokea kamba zangu, nikahesabu watu kumi na mmoja waliomvuka wakikimbilia kwenye dirisha la behewa ili wasikie vizuri Bi Mwanamkuu alikufa saa ngapi.

Nilimpa maji. Alisema kwa lugha ya kwetu, "Nipelekeni nyumbani." Nikamwuliza nyumbani ni wapi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. Adhuhuri haikumkuta. Kipande chake, ile kadi ya kazi ya shamba la mkonge la Tanga, kiliandikwa hivi: Masolwa, Tabora. Basi. Kwa makarani wa mkonge, kila mtu anayetoka ng'ambo ya Kilimatinde kwao ni Tabora. Na akina Masolwa, Bwana Mhariri, kuanzia hapa mjini mpaka Choma na Ziba wanaweza kujaza mabehewa matatu na wengine wakapanda juu.

Ndipo nikakuletea tangazo langu. Nalirudia hapa, labda lile la kwanza lililoa machozi:

"Masolwa, mwenye kovu la pembe ya ng'ombe juu ya goti la kulia, aliyetoka mkonge wa Tanga, amefariki na kuzikwa Tabora. Jamaa zake wasimsubiri tena."

Maneno ishirini na manne. Gazeti lako husomwa kwa sauti kwenye maduka ya huko vijijini, mmoja anasoma, thelathini wanasikiliza, na lori la pamba hulifikisha hata Ziba. Nilitegemea hilo tu. Haraka yangu ina sababu: katika kifurushi cha Masolwa nilikuta kibiriti, sabuni nusu, na doti ya khanga mpya ambayo bado haijakatwa. Mwanamume hanunui doti ya khanga kwa ajili ya goti lake. Kuna mwanamke mahali fulani anayesikiliza kila lori linalopita, na hajui kwamba hana wa kumsubiri.

Sasa malalamiko yangu.

La kwanza ni hiyo nafasi isiyokuwepo. Jumapili baada ya misa nilikaa na matoleo yako matatu mpaka jua likazama, nikahesabu. Bi Mwanamkuu amepata kurasa tisa, picha nne na mashairi kumi na saba. Neno "nyota" limo mara arobaini na moja. Viatu vyake peke yake vimepewa maneno sitini na mawili. Viatu! Masolwa mzima, na kichwa chake, na miguu yake yote miwili, anaomba ishirini na manne. Mshairi mmoja wa Dodoma ameandika kwamba hali chakula tangu msiba. Mwambie ale. Kama angekuwa hali kweli, wiki iliyofuata asingekuwa na nguvu ya kukuletea shairi la pili.

La pili ni mji wetu wenyewe, nisije nikaonekana nakuonea wewe tu. Hapa yupo Mabruki mwenye mkahawa wa buni karibu na soko, ambaye ana santuri. Siku ile ile Mabruki aliifunga santuri kwa kaniki, akailaza juu ya kitanda cha kamba barazani, akakaa pembeni yake kama mfiwa. Watu wakaja. Walipanga mstari, wakaipa santuri pole. Nilihesabu mia tatu na kumi na wawili kabla ya alasiri, na mmoja wao aliiambia "Mungu akupe subira."

Nilimwuliza Mabruki, "Umewahi kumwona huyu mama?"

Akasema, "Mzee, wewe moyo wako umejaa udongo wa visima. Sauti yake imelala nyumbani kwangu miaka minne."

Nikamwambia hata panya wamelala nyumbani kwake miaka minne, na wakifa hawafungwi kaniki. Watu walinizomea. Nilikuwa nimekwenda pale kuomba wabebaji wanne tu wa machela, wanne katika mia tatu na kumi na wawili, Masolwa asije akaharibika kwa joto. Wakanijibu, tena kwa heshima, "Baba, samahani, sisi tuna msiba."

La tatu ni maziko. Tulikuwa wanne. Mimi, mwinjilisti mmoja mzee wa Moravian ambaye hakuuliza marehemu ni wa dini gani, hamali wa stesheni aitwaye Limbu, na bwana mmoja aliyedhani anamzika jirani yake, akagundua tukiwa katikati ya njia, akaomba radhi, akaachia pembe yake ya machela. Kwa hesabu yangu ni watatu na nusu. Kaburi nilichimba mimi na Limbu. Ulikuwa mwezi wa nane, na udongo wa Tabora mwezi wa nane unajulikana. Visima thelathini na saba nimechimba, hakuna kilichonichosha kama shimo lile, kwa sababu kisima kikiisha kuna mtu anafurahi.

La nne. Nimetafuta sababu ya haya yote, na nimeipata, nawe nakupa bure. Maiti ya mtu mashuhuri iko mbali. Imekwisha oshwa, imekwisha zikwa, na wengine. Haina mtoto wa kuja kulala kwako, haina mjane wa kukutazama usoni, haina shimo. Unalia, unapenga kamasi, unakwenda kula ugali wako. Ni kilio kisicho na jembe. Lakini maiti ya mgeni iko barazani kwako, ina futi sita za udongo mkavu, na mtu akionekana analia sana atapewa sururu. Ndiyo maana hakuna aliyelia. Si kwamba hawakumjua Masolwa. Hata Bi Mwanamkuu hawakumjua. Walichojua ni uzito wa sururu.

Tena usiniambie kwamba ndivyo dunia ilivyo. Baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Kwihara mpaka Bagamoyo mara sita. Katika misafara ile mpagazi akifa njiani hakuachwa hivi hivi: watani wake ndio waliomchimbia na kumfukia, huku wakimtukana juu ya kaburi, "Mvivu we, umeona mzigo wa kesho ni mzito ukaamua kulala leo!" Wakimaliza kumtukana wanafuta macho na kubeba mzigo wake. Hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa anaimba nini. Na mimi siku ile nilikumbuka, nikazunguka mjini kumtafuta Mzaramo, maana ni mtani wetu, aje walau amtukane Masolwa kidogo. Nilimpata. Alikuwa kwa Mabruki, katika mstari.

Sasa maombi yangu, na usidhani nafanya mzaha.

Naomba kwanza kila mtu anayedai kuumizwa na kifo cha Bi Mwanamkuu aruhusiwe kwenda kumzika upya, kwa miguu, kwa njia ya zamani ya misafara. Kutoka hapa mpaka pwani baba yangu alikwenda siku tisini na ratili sitini kichwani. Wao sitawabebesha pembe. Kila mmoja abebe jembe lake. Atakayefika ndiye aliyefiwa. Atakayerudia njiani alikuwa na mafua.

Naomba pia mshairi yeyote wa maombolezo asipewe nafasi gazetini mpaka alete cheti cha mchimba kaburi kwamba ameonekana na jembe, futi moja kwa kila ubeti. Kwa mashairi yako kumi na saba, yenye beti mia moja thelathini na mbili, ningepata makaburi ishirini na mawili yaliyokamilika, nimepiga hesabu, na wageni wote wanaofia stesheni hii mwaka mzima wangepata pa kulala.

Na ikiwa hayo ni magumu kwa Serikali, basi naomba mashuhuri wakatazwe kufa siku za gari la moshi. Wafe Jumatatu, Jumanne, siku ambazo hakuna mtu wa kurukwa.

Nimekwisha. Nisalimie wachapaji wako wote, msomaji wa makosa, mfagizi wa ofisi, na hasa yule anayepanga herufi. Mwambie tangazo langu lina herufi mia moja na kumi na nane tu, halitamchosha mkono. Wasalimie na washairi, mwambie wa Dodoma aongeze mchuzi.

Ni mimi ninayengoja,
Ambrosi Lugembe
Mchimba visima

Nyongeza, 19 Septemba. Barua hii haikufika posta siku niliyoiandika. Nilipokuwa naipeleka, Mabruki aliniita barazani mbele ya watu: "Mzee Lugembe! Bado unamwandikia yule maiti wako? Kwani alikuwa nani hasa?"

Hasira zikanipanda, Mungu anisamehe. Nikasema, "Alikuwa mpiga dumbaki wa Bi Mwanamkuu. Kaondoka Tanga kwa huzuni, akafia hapa mkimruka. Ana kovu la pembe ya ng'ombe juu ya goti la kulia, kama mnataka kumwandikia shairi." Nikarudi nyumbani na barua yangu mfukoni.

Alasiri ile watu sitini na wanne walikuwa kaburini. Walikuja na majembe, Bwana Mhariri. Walipalilia, wakapanga mawe, Mabruki mwenyewe akachota maji ya kumwagia udongo, na machozi yalikuwa yanamtoka. Yule bwana aliyeachia machela anaapa kwamba vidole vya marehemu alikwisha visikia kwenye sahani mbili. Kesho yake lori la pamba likaipeleka habari Choma, toka Choma ikafika Ziba. Tangazo langu la kweli limekaa kwako wiki tatu. Uongo wangu ulifika kwa siku mbili.

Jumamosi akashuka mwanamke kutoka Ziba, anaitwa Ng'washi. Ya dumbaki hakuuliza. Aliuliza goti ni lipi. Nikasema la kulia, juu yake kidogo. Akakaa chini pale pale, kwenye vumbi la stendi ya malori. Nilimpa doti yake ya khanga.

Jana nilimpeleka kaburini. Tulikuta watu zaidi ya mia, wanalia kwa sauti. Niliona haya. Nikamnong'oneza ukweli wote: kwamba hawa hawamjui, kwamba mumewe hakupiga ngoma yoyote, kwamba ni mimi niliyewadanganya, na kwamba nitawatangazia sasa hivi watawanyike, abaki amlilie mumewe kwa haki yake. Akanishika mkono.

Akasema, "Nyamaza, baba. Waache walie. Mimi peke yangu simtoshi."

Basi barua hii usiichape. Naituma tu kwa sababu stempu nimekwisha ibandika.