Mwalimu wa Peking

Mwaka wa pili wa uhuru, bendera yetu ikiwa bado inanukia duka, kila mtu Rumonge alikuwa na mwana anayekwenda kusoma ng'ambo, au aliyesema hivyo. Uledi hakuwa na mwana. Alikuwa na koti, miwani asiyoihitaji, na masikio. Masikio hayo yalimsikia Asmani, tajiri wa mawese, akilalamika barazani. Chausiku, binti wa marehemu kaka yake, anasoma mambo ya Asia chuo kikuu Bujumbura, na sasa amepata buruse, msaada wa serikali wa kwenda kusoma Peking. Nauli ya kufika Dar es Salaam kwenye meli ndiyo hana.

"Nitoe nauli musichana aende kula vyura? Sitoi!"

Uledi akasogea. "Amahoro, mzee. Umetaja Peking? Nimeishi kule miaka. Wanakula wali mukavu, maskini."

"Mawese haiko?"

"Hata tone. Mutu wa kwanza kuyafikisha atavaa hariri mpaka soksi."

Tamaa ilibisha hodi mara moja tu, Asmani akafungua. Nauli akampa Chausiku. Uledi, ambaye sasa wote walimwita Mwalimu, akakabidhiwa msichana, pamoja na mapipa ya mawese ya kuwaonjesha wakubwa wa Peking. Safari aliyoipanga Uledi moyoni ilikuwa fupi zaidi: kupanda boti ya Kigoma, kushuka njiani Nyanza-Lac na mapipa, na kutoweka.

Chausiku alimletea chai. "Mwalimu, Peking iko na ziwa?"

"Linapita hili letu. Hata ndagala, samaki wadogo hawa, kule ni kama mkono wangu."

Chausiku, aliyeikariri ramani ya Peking mtaa kwa mtaa, akamwongezea sukari. Angemfichua mwongo huyu, nauli ingerudi mfukoni mwa baba yake mdogo. Akatuma salamu tu kwa jamaa wa bandari za njiani: njooni mutusindikize. Kwetu msafiri hasindikizwi na nyumba moja. Ukoo mzima una haki ya kumshika mkono, na ukoo wa Asmani umejaa ufukoni kama mchanga.

Kigwena boti ilipokewa kwa vigelegele. Nyanza-Lac, Uledi alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye ubao wa kushukia, shangazi Kulthumu akauziba kwa mwili wake, na nyuma yake umati.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu, mama."

"Utainyoosha Peking!"

Wakambeba wakamrudisha botini, wakamwongezea kuku wawili na dua.

"Murakoze, asante shangazi," Chausiku alisema. "Mumushike vizuri. Mwalimu anapenda kutangulia."

Walipofika Kigoma, Chausiku aliyauza mapipa bila haraka, akanunua koti la baridi na tiketi ya treni. Moja.

"Na mimi?" Uledi aliuliza.

"Wewe njia unaijua, mwalimu. Mugeni ni mimi."

Treni ikaondoka na Chausiku.

Kurudi Rumonge Uledi hakuweza, maana Rumonge nzima inajua yuko Peking. Akawa anabeba magunia bandarini Kigoma, na boti ya kwetu ikitia nanga anajificha. Siku moja hakuwahi kujificha.

"Mwalimu!" Asmani alishuka mikono wazi, nyuma yake mapipa mapya yamejaa boti. "Umekuja kunipokea?"

Uledi akatua gunia taratibu, akajipangusa vumbi.

"Umechelewa, mzee," akasema. "Wachina wamekasirika."