Siki Iliyoninyima Iringa

Jumatatu, 5 Mei
Madam Evarista, mwalimu wetu wa kemia, katangaza: shindano la kemia liko Iringa, kidato cha tatu kitatoa mtu mmoja. Jaribio la kumchagua ni Alhamisi. Mada: asidi zinapoyeyuka majini na milinganyo yake ya ioni. Nafasi ni yangu. Kikwazo ni Payal, binti wa mzee Ramesh mwenye duka la vyakula. Payal anasoma. Mimi nina akili ya kuzaliwa, ila haijapewa jukwaa.

Nilipofika nyumbani Ilomba, hapa hapa Mbeya, nikamwambia mama mdogo Atuganile kwamba nimechaguliwa. Nimetanguliza habari tu. Ameshaitangazia kwaya nzima, na Jumapili nitaombewa mbele ya usharika. Sasa lazima niende.

Jumanne, 6 Mei
Nimesoma. Si zito. Asidi kali ikiingia majini inavunjika yote:
HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻
Mshale mmoja. Imekwenda, hairudi. Asidi dhaifu, kama ya siki, inavunjika kidogo tu, nyingi inabaki nzima. Hiyo inawekewa mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi. Anayekosea hapo kaumia.

Nikapata wazo. Nikamwalika Payal kwenye diskasheni yetu. Kwetu anayeshika chaki ndiye mwalimu, wengine wanakariri. Nikashika chaki. Nikafundisha, makusudi, kwamba siki nayo inavunjika yote, mshale mmoja. Rafiki yangu Ambokile na wenzake wakaitikia kama wanafunzi wa kipaimara. Payal akauliza kwa upole mbona nyumbani kwao siki inatiwa kwenye achari na hakuna aliyeungua koo. Nikamwambia hayo ni maswali ya kidato cha tano.

Jumatano, 7 Mei
Payal kaja na siki ya dukani kwao, betri na taa ndogo. Kwenye HCl ya maabara taa iliwaka vizuri. Kwenye siki ikasinzia. Akasema ioni ni chache. Nikasema betri imechoka. Akarudisha nyaya kwenye HCl, taa ikawaka tena. Nikasema betri imepumzika. Ambokile akaniunga mkono, rafiki wa kweli.

Nikaeleza mpaka chaki ikaisha. Darasa zima likaja kusikiliza. Sijawahi kusikilizwa hivi tangu nizaliwe, nilifurahi sana. Nilieleza vizuri kiasi kwamba nikaanza kumwonea huruma Payal kwa kutoelewa.

Alhamisi, 8 Mei
Jaribio. Swali la kwanza, siki. Mkono ukaandika mshale mmoja wenyewe, kwa mwandiko safi. Nimekuja kushtuka nikiwa nje, karatasi nimeshakabidhi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakumtaja anayesahau kwanza kwamba alikichimba.

Ijumaa, 9 Mei
Matokeo. Darasa zima mshale mmoja, isipokuwa Payal. Madam akauliza nani kawafundisha. Vidole vyote kwangu. Ambokile alisimama kabisa, ili anionyeshe vizuri.

Payal anakwenda Iringa. Inaniuma, siwezi kuficha. Akanipa pole mlangoni, akasema naeleza vizuri kuliko yeye, na kama ningeeleza ukweli huenda angebaki Mbeya.

Mama mdogo nimemwambia safari imeahirishwa. Akasema basi Jumapili wataomba isiahirishwe, na nitasimama mbele niseme neno. Ameshanyoosha shati.

Madam naye kaniamuru wiki ijayo, kila jioni, nishike chaki niwafundishe upya wote niliowapotosha. Yeye anaita adhabu. Mimi naona ni uteuzi. Tena sina haja ya kufungua kitabu, kosa langu nimeshalijua: nilibania mishale. Kuanzia Jumatatu kila asidi itapewa miwili, HCl ikiwemo. Mtu aliyeandika kwenda na kurudi atakosaje?