Pwani ya Lamboni

Jumatatu, 6 Julai

Herman kapiga simu tena. Sitaki hata kulisikia jina lake! Ni binamu ya Baba Limi, analinda geti la tajiri huko pwani, mahali panaitwa Rasi Mwinyi. Anasema upepo wa bahari unampepea bure na mbwa wa bosi ana chumba chake. Baba Limi akauliza kama nafasi ipo. Ipo! Nikabaki na mwiko mkononi.

Kesho anakwenda Runzewe kuwaaga wazazi. Jumamosi anarudi kuchukua begi, Jumapili basi. Kasema atatutumia picha. Picha! Limi hapati usingizi mpaka ashike sikio la baba yake. Picha ina sikio la kushika?

Nimewaza sana. Mume wangu anataka pwani. Basi ataikuta hapa hapa. Tuna kiwanja kando ya lambo wanapokunywa ng'ombe. Maji yapo. Vilivyobaki ni vitu vidogo vidogo.

Jumanne, 7 Julai

Kharumwa, kwa Mama Hozefa, Bi Khairunisa wa duka la vitenge. Wakwe zake wana nyumba Rasi Mwinyi. Shikamoo, marahaba, nikamwomba anifundishe pwani. Akauliza, yote? Nikasema ile ya matajiri tu.

Anajua! Jiografia: nchi kavu imechomoza baharini kama ulimi, ndiyo rasi. Matajiri wanakaa nchani, wapishi wao shinani. Historia: walianza wavuvi, akaja mwenye minazi, akaja mwenye benki, na tangu hapo huwezi kuitazama bahari bila kuulizwa unamtafuta nani. Majengo: kuta nyeupe, matao, paa la makuti, na baraza kubwa asipokaa mtu. Nikauliza kwa nini hawakai. Akasema wako mjini wanatafuta hela ya kuilipia hiyo baraza.

Limi kapewa biskuti. Mimi nimenunua uzi, nisionekane nimekuja kusoma bure.

Jumatano, 8 Julai

Nimejenga rasi! Udongo, jembe, mgongo umekatika. Imeingia lamboni kama ulimi kabisa. Martina jirani kapita na ndoo, akauliza ninamzika nani. Nikamwambia hii ni rasi. Lasi? Akacheka mpaka maji yakamwagika. Akasema Mama Limi, mume akiondoka wanawake wengine hulia, wewe unalima maji.

Ng'ombe wa mzee Nkwabi akapanda rasi, akaenda mpaka nchani, akasimama akitazama maji. Alionekana tajiri kweli.

Nikamuuliza mzee historia ya hapa. Kasema lambo lilichimbwa kwa trekta, trekta likafa, dereva akaoa. Ndiyo yote. Inatosha. Historia ya Rasi Mwinyi nayo haina mapenzi hata kidogo.

Alhamisi, 9 Julai

Majengo. Tao la matofali limeanguka. La pili limeanguka likiwa na kuku chini yake (kuku mzima). Nikachukua matairi chakavu ya lori, nikayafukia nusu, nikayapaka chokaa. Matao! Meupe! Ukisimama mbali na ukafumba jicho moja, machozi yanakutoka.

Makuti hatuna. Nikaezeka baraza kwa mabua ya mahindi. Nikaenda kumnyonyesha Limi, kurudi, ng'ombe wamekula paa. Lote! Mzee Nkwabi akasema ng'wana wane, mwanangu, umewawekea chakula juu ya vijiti, ulitegemea wakitazame?

Baraza haina paa. Si kitu. Hakuna atakayekaa.

Ijumaa, 10 Julai

Mchanga mweupe kutoka mtoni, mkokoteni wa punda, nimemlipa mwenye punda kwa viazi. Nimeumwaga ufukweni. Unametameta! Limi kaula kidogo.

Kibao sasa. Nilitaka kuandika UFUKWE ila ubao mfupi, halafu sina hakika inaanza ufu au ufa. Mimi kwetu ni ziwani, na ziwani ufukwe mitumbwi inapotia nanga na samaki tunauita mwalo. Neno fupi, zuri. Nimeandika MWALO MPYA KARIBUNI. Nimekisimamisha barabarani, Baba Limi akione kesho akishuka kwenye bodaboda.

Jumamosi, 11 Julai

Wageni! Alfajiri! Wanaume kundi zima, na mablanketi yao! Nikasema Mungu wangu, wamekuja kulala kabisa! Nikabandika uji. Kiongozi wao anaitwa Bujiku. Kausifu mwalo, kasema maji yapo karibu na mteremko mzuri.

Kisha wakatandika mablanketi juu ya rasi, wakayamwagia matope.

Nikapiga kelele kwamba hiyo ni bahari ya mume wangu, asiondoke. Bujiku akashangaa, akasema si umeandika mwalo, mama? Kumbe huku kwa wachimbaji mwalo ni mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa, dhahabu inaganda kwenye blanketi! Nimeolewa huku na hakuna aliyeniambia! Martina anasema kila mtu alijua nimefungua mradi wa dhahabu, ndiyo maana hakuamini habari za lasi.

Halafu mmoja akauona mchanga wangu unametameta. Wakaufuata wote kwa makoleo. Rasi ilikwenda kwanza, kisha matao. Saa ya chakula cha mchana pwani yote ilikuwa shimo.

Na Baba Limi ndipo alipofika.

Aliuliza nani kafanya hivi. Bujiku, bila kuulizwa mara ya pili, akasema ni mkeo, alikuwa anakutengenezea bahari usiondoke. Nilitaka kuingia shimoni. Baba Limi akakaa kwenye tairi. Kisha akasema Mama Limi, mimi bahari naiogopa, hata kuogelea sijui. Nilikuwa naifuata kazi.

Nikalia. Limi naye akalia. Bujiku akaomba uji zaidi.

Jumapili, 12 Julai

Basi limeondoka bila yeye! Mwenyekiti wa kitongoji kaja, kagomba, kaamuru waoshee mbali na maji ya ng'ombe, na awepo mlinzi wa kulipwa wa kuzuia watu kusogea lamboni. Bujiku kamtazama mume wangu. Baba Limi ana filimbi tayari. Anawauliza watu wanamtafuta nani, vizuri kama Rasi Mwinyi.

Nimeapa. Mipango basi. Mimi na uji wangu na mtoto wangu.

Jumanne, 14 Julai

Martina kaja, hajacheka hata mara moja. Mumewe Valerian anataka kwenda Kilimanjaro kubeba mizigo ya wazungu, kasema kule kuna theluji, huku kuna vumbi tu. Ana mimba ya miezi saba, maskini. Nikamkumbatia, nikamwambia nyamaza, mama, usilie.

Nyuma ya nyumba yao kuna kichuguu kirefu kupita mtu. Na msimu wa pamba ndiyo huu, maghala yamejaa, nyeupe pe!

Tunaanza kesho.