Kitenge Hakizimi Luninga

Ndugu zangu, leo nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe.

(Nguo nilikuwa nazo. Suruali nyeusi na shati la kanisani. Lakini heri zingenivuka kweli, ningejua pa kushika.)

Wengi mnajua nimefiwa na mke wangu, Mama Neema. Leo tulikuwa tunaanua tanga hapa nyumbani Kitura. Binti yetu Neema hakuwahi mazishi. Yuko Mwanza, alikuwa amejifungua kwa upasuaji na daktari akamkatalia safari. Mama yake amezikwa yeye yuko kitandani. Na tangu hapo hajalia. Mumewe ndiye aliyeniambia. Ananyonyesha, anafua, anapokea pole za watu, halii. Mtu asiyelia mama yake, jamani, mnajua anakoishia.

Neema mwenyewe akaniambia, "Baba, safari hii lazima niwepo. Hata kama ni kwenye luninga."

Akatuma ruta kwa basi.

Sasa mimi na darasa langu la saba! Simu ya kupangusa najua kupiga, kupokea na kuandika ujumbe. Ruta nilidhani ni redio waliyosahau kuiwekea spika. Asubuhi Neema akanipigia anifundishe.

"Baba, ruta inachukua mtandao kutoka mnarani, halafu inavigawia vifaa vyote vya nyumbani. Simu, luninga, chochote."

"Kama karani wa chama cha kahawa."

"Karani?"

"Mbolea inaletwa kwa pamoja, yeye anagawa."

"Haya, karani. Na kila kifaa anakipa namba yake, inaitwa anwani ya IP, ili ya luninga isiende kwenye simu."

"Namba ya mwanachama hiyo."

"Baba, mbona unaelewa!"

(Nilijivuna. Kumbukeni, hapa nilijivuna.)

Nikaingiza laini, nikaiwasha, nikaiweka juu ya kabati sebuleni. Ikataka jina la mtandao. Neema akasema niweke lolote, ndilo litakaloonekana kwenye simu za watu. Nikaandika jina ambalo kijiji kizima kinaiitia nyumba hii.

"Umeandika nini, baba?"

"Mama Neema."

Nikamsikia mtoto akilia kule nyuma.

"Sawa, baba. Na nenosiri weka neno ambalo mtu hawezi kulikisia. Ngoja ninyonyeshe, nikirudi tunafanya luninga."

Nikaenda kutafuta soksi. Niliporudi sebuleni, taa za ruta sizioni, na ruta yenyewe siioni. Simu inaniandikia: *Mama Neema, nje ya masafa.*

(Nilikaa chini kidogo.)

Juu ya kabati, mahali pa ruta, kulikuwa na sufuria kubwa imefudikizwa. Akatokea dada yangu Otilia, ambaye tangu msiba ndiye amiri wa jiko.

"Dada, umefunika ruta?"

"Kile kidude cha taa? Nimekifunika. Kinamemetameta kama ukumbi wa dansi, kwenye nyumba ya msiba!"

"Dada, mtandao haupiti kwenye sufuria."

"Na huzuni inapita kwenye taa za dansi?"

Mnajua kwetu. Mtu akifa, redio inanyamaza na luninga inafunikwa, hadi tanga lianuliwe. Dada Otilia analinda hilo kuliko katekista. Nikamwomba sana. Akaondoa ile sufuria huku akisonya.

Neema akapiga tena. Tukaiunganisha luninga, namba ya mwanachama ikapatikana. Akanionyesha pa kubonyeza ili skrini ya simu iende kwenye luninga.

"Baba, sikiliza vizuri. Kuanzia hapo, chochote kilicho kwenye simu yako, picha na sauti, kinatokea kule. Kwa hiyo ukimaliza kujaribu, ukate."

"Nimeelewa."

(Sikuelewa neno la mwisho.)

Uso wa Neema ukatokea kwenye luninga ukutani, mkubwa kama dirisha. Macho makavu. Nilimtazama mtoto wangu nikafurahi, nikasahau na msiba. Mlango ukafunguliwa.

"Luninga! Tanga halijaanuliwa unawasha luninga!" Dada Otilia akavua kitenge chake cha kujitanda, akairushia luninga kama mtu anayenasa kuku. "Mpaka Mwalimu katekista afike!"

"Sawa, dada."

Neema akasema atapiga Mwalimu akiwasili, akakata. Mimi nikaona yamekwisha. Kitu kimefunikwa, kimezimika. (Mimi niliyezaliwa jikoni, ninayejua kwamba moto uliofukiwa kwenye majivu ndio unaoamka asubuhi! Sikulikumbuka.)

Watu wakaanza kufika. Majirani, wanakwaya, Mwalimu katekista na rozari yake. Mwishoni akafika mama mkwe kutoka Chiwanda, na mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, mapajani njia nzima. Nikamwamkia nikiwa nimeinama. Akaitikia. Hakuongeza neno. Tangu mazishi mama yule ni hivyo, anaitikia tu. Na mimi mbele yake sijawahi hata kumenya ndizi. Ni mkwe, namheshimu kwa mbali.

Nikamkaribisha kiti, kikao kikatulia, nikatoka nyuma ya nyumba.

Sasa hapa niseme jambo ambalo sijawaambia. Kila siku huwa nakwenda pale kwenye mashine ya kumenyea kahawa, nakaa kwenye ndoo, nasikiliza sauti ya mke wangu. Ni ujumbe wa sauti mmoja aliotuma akiwa hospitali. Wala si wa maana. Nimeficha kwa sababu watu wakijua wataniambia nijikaze. Nimejikaza. Ndiyo maana nakwenda kwenye ndoo.

Leo nilitaka kuusikia kabla tanga halijaanuliwa. Nikabonyeza. Kimya.

Nikasema simu imejaa vumbi. Nikafuta. Nikabonyeza. Kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, mpaka simu ikanionya kwamba nitaharibu masikio. Nikabonyeza tena.

Ndani ya nyumba wakapiga mayowe.

Nikajua mama mkwe ameanguka! Nikakimbia na simu mkononi. Mlangoni nikapishana na wanakwaya wanatoka, soprano mbele. Ndani, Dada Otilia yuko nyuma ya mlango. Mwalimu katekista amesimama, rozari ameinyoosha kuelekea kwenye kitenge. Na chini ya kitenge, kwa sauti inayotetemesha vikombe, mke wangu anasema:

"...tena Baba Neema, mafuta nimekuachia dirishani, upake miguu! Miguu yako inakwangua kama msasa, shuka zinatatuka! Na dada yako Otilia akija kuazima sufuria yangu kubwa, mwambie nimeificha. Akiichukua inarudi imeungua. Haya, ulale."

"Marehemu amenitaja," Dada Otilia akasema nyuma ya mlango. "Mwalimu, amenitaja kwa jina!"

"Na miguu pia," akasema jirani mmoja. Wote wakatazama miguu yangu. (Nilikuwa na soksi moja. Ya pili sikuiona.)

"Nani amewasha redio?" nikauliza. Ndiyo, niliuliza hivyo. Huku nimeikaba simu kwa kiganja, na kidole gumba kikabonyeza tena.

"Baba Neema!" kitenge kikaita.

Mwalimu akapiga ishara ya msalaba, akasogea, akakamata pindo, akavuta.

Afadhali angekuwa mzuka.

Ilikuwa skrini ya simu yangu. Kubwa, inang'aa, juu imeandikwa "Mama Neema". Ule ujumbe wa sauti, na chini yake maandishi. Yangu. Yote niliyomwandikia tangu tumzike.

(Ndiyo. Huwa namwandikia. Simu yake iko kwenye sanduku, imezimwa. Kila ujumbe una tiki moja tu. Najua maana ya tiki moja. Naandika hivyo hivyo.)

Nikatafuta pa kuzima. Vidole vikagoma. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, akainua kidole kuelekea ukutani. Ndilo neno lake la kwanza la kujitakia tangu mazishi.

"Pale pameandikwa nini?"

Mwalimu katekista ni mtu wa kutii wazee. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ileile ya somo la Jumapili, na vituo akivishika.

"Kuku wa madoa ametaga tena, chini ya gunia."

"Leo nimepika mwenyewe. Ugali umeungua. Usiniulize."

"Mibuni ya bondeni imetoa maua. Ungeiona."

"Mvua imenyesha, nimeanua nguo. Na zako."

"Soksi nyeusi siioni."

Kisha wa asubuhi ya leo.

"Leo wanaanua tanga. Mama anakuja. Nisaidie nisilie mbele yake."

Nilibaki nimesimama katikati ya sebule na soksi yangu moja. Hakuna shimo lililofunguka. Wanakwaya walikuwa wamerudi dirishani, wamepanga vichwa kwa urefu. Na ndiyo, nililia. Mbele yake. Msaada niliouomba haukufika, ulikuwa na tiki moja.

Mama mkwe akanigeukia. Kisha akasema:

"Mwandikie na mimi nimefika."

"Mama?"

"Mwandikie. Mwambie nimemletea usipa."

Nikaandika. Mnajua ilivyokuwa? Kila herufi niliyogusa ilitokea ukutani, watu wote wanaifuata. Nikikosea wanaguna. Nikifuta wanangoja. "Weka nukta," akasema Mwalimu. Nikaweka nukta.

Dada Otilia akatoka nyuma ya mlango, akakohoa.

"Na umwandikie kwamba sufuria nimeisugua."

"Umeisugua lini, dada?"

"Wewe andika! Nakwenda kuisugua sasa hivi."

Nikaandika. Nikatuma. Tiki moja. Nyumba nzima ikakaa inaitazama ile tiki kama watu wanaongoja kibao cha bei ya kahawa. Haikuongezeka. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, kama aliyejibiwa.

Hapo simu ikaita. NEEMA, ukuta mzima. Nikapokea. Akaona nyuso zetu zilivyolowa, na kitenge sakafuni.

"Baba, kuna nini?"

"Hujakata," nikamwambia. "Yaani, sikukata. Uliponiambia nikate, sikukata."

Akaelewa nusu. Nusu nyingine akaelezwa na wanakwaya wote kwa pamoja. Neema akaziba mdomo.

"Mlimsikia mama?"

"Mpe naye asikie," akasema mama mkwe. "Ni mama yake."

Nikamtumia ile sauti. Hiyo ilikwenda na tiki zake zote. Akaisikiliza kule kwake, na sisi tukimtazama. Kwenye mafuta akatabasamu. Kwenye msasa akacheka, akacheka kwa nguvu mpaka mtoto akashtuka mapajani. Ilipofika "haya, ulale", kicheko kikageuka. Akalia, ndugu zangu. Alilia kana kwamba mazishi ndiyo leo, na bibi yake akasogeza kiti karibu na luninga, akaweka kiganja kwenye kioo, kwenye shavu lake, akakiacha hapo.

Mwalimu akangoja. Kisha tukasali.

Tanga limeanuliwa. Watu wamekula usipa. Kabla ya kuondoka, mama mkwe aliulizia mafuta yaliyotajwa yako wapi, nikamwonyesha, akasimama mlangoni mpaka nikapaka. Mguu wa kushoto na wa kulia. Mbele ya mkwe! Sufuria inang'aa kama ya dukani. Soksi ilikuwa ndani ya kiatu.

Sasa nimekaa sebuleni, ruta inamemeta na hakuna wa kuifunika. Simu imeandika: *Mama Neema, umeunganishwa.*

Mkitaka kucheka, chekeni, ila naomba mpunguze sauti. Mimi niliongeza, na mmeona.