Kuogelea Mwezi wa Januari

Jumatatu, 16 Juni

Marlene kaniuliza asubuhi, akinywa kahawa kabla ya kwenda zake kazini, kumbukumbu za masomo ya Pippa zimefikia wapi. Nikamjibu ziko mbioni kukamilika. Kazi hiyo alinipa Septemba. Sijaandika hata mstari!

Pippa ni binti yetu, miaka kumi na miwili, na shule yake ni meza ya jikoni. Ijumaa anakuja Mwalimu Brandt, mama mstaafu anayewakagua watoto wanaosomea nyumbani. Asipotia sahihi, mwaka ujao Pippa anapanda basi la njano la shule kama wenzake wa mjini. Pippa hataki hata kulisikia basi hilo. Mimi ndiyo kabisa! Nyumba itakuwa kimya, nitakufa kwa upweke.

Nimenunua programu ya kutunza kumbukumbu. Siku nne zinatosha.

Jumanne, 17 Juni

Programu imeuliza jina la shule. Nikaandika Chuo Kikuu cha Sayansi na Sanaa cha Krumrine, Pennsylvania. Nembo imenilia saa mbili: kuku mwenye taji. Imependeza!

Mchana nimekutana na Rhoda Ziegler kwenye ukumbi wa kanisa, tunakokusanyika wazazi wa kusomesha nyumbani. Faili lake lina vibandiko vya rangi sita. Akajigamba kwamba ameandaa masomo kumi na manane, akaniuliza mimi je. Nikasema ishirini na manne. Mdomo huu utaniponza! Sasa lazima yawe ishirini na manne.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika tisa, nikaishiwa. Hesabu, Historia, basi. Nikawa natazama vyombo vichafu, zamu yangu hiyo, ndipo akili ikafunguka. Kila kitu ni somo! Kuosha vyombo: Kemia ya Sabuni. Kukata nyasi: Jiografia ya Uwanja. Kukunja nguo: Jiometri. Jioni nilikuwa nayo ishirini na manne, na kazi zangu zote zina mwanafunzi.

Pippa akataka kujua kwa nini masomo mapya yote ni kazi za Baba. Nikamwambia si mimi, programu ndivyo inavyotaka. Akanitazama weee, kisha akaosha vyombo. Baadaye akaomba nywila ili anisaidie. Mtoto mwema mno huyu!

Alhamisi, 19 Juni

Nimegundua kitufe cha kurudia! Unaandika somo mara moja, unachagua Septemba hadi Juni, unabonyeza, na programu inajaza mahudhurio yenyewe. Zinatakiwa siku mia moja na themanini. Nimepata mia tatu na tatu. Rhoda atakoma!

Ripoti ina kurasa arobaini na moja. Nimechapisha. Kusoma, sikusoma. Nani ana muda?

Ijumaa, 20 Juni

Mwalimu Brandt alikuja saa kumi. Marlene naye alikuwa amerudi. Nikamimina kahawa, kifua mbele. Mwalimu akafungua ripoti, akatulia ukurasa wa saba.

“Pippa, Januari ulikuwa unaogelea bwawani kila Jumatano?”

Nilimkonyeza binti yangu mpaka jicho likauma.

“Hapana, Mwalimu,” akasema. “Bwawa lilikuwa barafu. Tulitembea juu yake.”

Mwalimu akafunua tena. Hesabu, siku ya Krismasi, saa mbili asubuhi. Kisha akauliza huyu mwanafunzi wa pili, aitwaye Baba, ni nani. Ala! Pippa alikuwa ameniandikisha! Kemia ya Sabuni: hakuhudhuria. Jiometri ya Nguo: hakuhudhuria, alionekana amelala kwenye kochi. Marlene alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Mwalimu aliigeuza ripoti uso chini, nami nikaliona basi la njano limesimama mlangoni kwetu. Kosa langu, adhabu ya mtoto. Moyo uliniuma kwelikweli.

Akamwomba Pippa amwonyeshe alichofanya mwaka huu. Pippa akakimbilia banda letu la kuku, akarudi na daftari lenye manyoya ya kuku. Mayai ya kila siku tangu Septemba, kipimo cha baridi, saa za mwanga. Desemba mayai yalishuka hadi matatu. Akatundika taa, yakapanda hadi tisa. Kachora na mistari ya kupanda na kushuka! Sikujua. Mimi mkuu wa chuo, sikujua!

Mwalimu akasoma kila ukurasa, akatia sahihi.

“Mtoto amefaulu vizuri sana,” akasema. “Shule yake ndiyo inayonitia wasiwasi.”

Nikamkumbatia na kalamu yake mkononi. Shati langu lina wino hadi sasa. Akiondoka alimshauri Pippa amfungulie yule mwanafunzi Baba somo moja zaidi: Kusema Ukweli.

Jumatatu, 23 Juni

Pippa kalifungua kweli. Na alama kaweka: thelathini na moja kwa mia! Marlene anasema bila shaka sasa nimejifunza. Nikasema nimejifunza, tena nikaweka mkono kifuani.

Wote wawili wako bandani wanacheka na kuku. Kompyuta iko wazi, nywila naijua.

Nimejipa tisini na nane. Mia ingeleta maswali.