Msumari wa Juu ya Runinga

Jumatatu, 4 Mei

Nimepinduliwa! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Narudi kutoka kazini, rangi bado iko kwenye kucha, natazama juu ya runinga: picha yangu ya suti haipo. Kwenye msumari wangu, nilioupigilia kwa mkono wangu, yupo shemeji. Mdogo wake mke wangu. Kasimama kileleni mwa mlima, mikono kaitanua, meno yote nje. Picha yangu nimeikuta juu ya kabati, imegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nimeuliza kwa upole (nilipiga kelele kidogo tu). Mke wangu akasema sebuleni anatundikwa mtu aliyefika mahali. Mimi sijafika? Nani kaandika mabango ya mtaa huu wote, kuanzia daktari wa meno hadi wauza majeneza? Akasema sawa, panda na wewe, lete picha ya kileleni, msumari ni wako. Shemeji alikuwepo, anatafuna nyama yangu. Akasema kikundi chao kinapanda tena Jumamosi, lakini ni kwa watu wenye pumzi.

Nikasema nimo. Mdomo huu!

Jumanne, 5 Mei

Mazoezi. Nimepanda ngazi za jengo la daktari wa meno kwenda kurekebisha bango lake, bila kupumzika njiani. Kufika juu, sauti imekata. Dada wa mapokezi akaniwahi na kiti, akauliza jino gani linauma. Nikanyoosha kidole dirishani, lilipo bango. Akaandika: la juu, kushoto. Nimeponea chupuchupu kung'olewa. Mtu yuko mazoezini, watu wanamwona mgonjwa!

Alhamisi, 7 Mei

Akili imefanya kazi. Nimeikagua picha ya yule bwana. Nyuma yake kuna nini? Ukungu mtupu! Angeweza kuwa jikoni kwenye mvuke wa sufuria. Kinachowafanya watu waamini ni kibao cha mbao pembeni yake, kimeandikwa KILELE. Basi. Na vibao katika mji huu anaandika nani?

Nimekata plaiwudi, nimepaka kahawia, nikaandika kwa nyeupe. Jambo moja limenitesa. Kibao cha kweli kimeandikwa ovyo! E zimelala upande kama zimelewa. Ili kuiga, ilibidi nizilaze vile vile. Nilijaribu. Mkono ukakataa. Nina jina kwenye kazi hii! Nimezinyoosha, na K nikaipa mkia wangu wa kawaida. Nani atakagua?

Jumamosi, 9 Mei

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni. Nimedhulumiwa.

Kibao nilikificha kwenye begi, kikanibana mgongo, nikashindwa kuinama. Mama kiongozi wa kikundi akanisifu mbele ya wote, eti natembea wima kama mzoefu. Shemeji akanuna. Raha iliyoje!

Mlima nao hauna adabu. Unadhani umemaliza, kumbe ndiyo kwanza unaanza. Tulipofika penye mawe makubwa, nusu ya njia, nikasema tumbo linasokota, watangulie. Wakafuata njia yao ndefu ya kuzunguka. Ukungu ukashuka kana kwamba nimeuagiza. Nikasimika kibao, nikategesha simu juu ya jiwe inipige picha yenyewe mfululizo, nikatanua mikono kumzidi shemeji.

Mara jiwe la nyuma yangu likapiga ukelele. Kama mtu aliyebanwa vidole na mlango wa chuma! Chui, nikajua. Nikatoka nduki. Anayekimbia chui haulizi njia. Nilipenya vichaka, nikapanda mawe kwa magoti, na kilichonisimamisha ni kwamba mlima ulikuwa umekwisha.

Mbele yangu kibao. KILELE. E zimelala upande.

Nimefika! Wa kwanza! Bila shahidi, bila simu! Nikakikumbatia kibao kile kibaya, nikalia machozi ya kweli. Nilitaka kuwasubiri wenzangu, lakini ukelele ukasikika tena, nikateremka upande wa pili, sehemu kubwa kwa makalio, nikauzunguka mlima kwa chini hadi kwenye gari lililotuleta.

Waliporudi nikawaambia nimewatangulia kileleni. Mama kiongozi akanitazama kwa huruma, akanikabidhi simu yangu na plaiwudi yangu. Wamevikuta nusu ya njia. Shemeji akauliza kama kilele kimeporomoka. Gari zima likaangua kicheko. Na mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii, nilikuwa nasema kweli!

Jumapili, 10 Mei

Mke wangu ameziona picha kwenye simu. Ya kwanza natabasamu. Ya pili mdomo wazi. Ya tatu ni soli ya kiatu. Ya nne, juu ya kibao changu, amekaa chui? Pimbi! Kanyama ka kwenye mawe, saizi ya sungura, hakana hata mkia! Sauti yote ile kanaiweka wapi?

Nimeapa kwamba nilifika. Nimeeleza jinsi E zilivyolala. Mke wangu akasema hizi hapa zimesimama vizuri, na mkia huo wa K anaujua tangu enzi za uchumba, nilipokuwa namwandikia kadi. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Yaani nimeumbuliwa na kazi nzuri! Nimesusa chakula. Baadaye nikala kidogo, kwa hasira.

Jumatano, 13 Mei

Msumari una picha mpya. Si mimi. Si shemeji pia. Naye yuko juu ya kabati, tumegeuziwa ukutani wote wawili. Ni pimbi! Kaketi juu ya herufi zangu, ndani ya fremu, anawatazama wageni wangu kwa dharau. Damu ilinichemka. Ndipo jirani akaingia, akauliza nani kaandika vizuri namna hiyo. Mke wangu akajibu ni mume wake, tena kwa kujivuna. Muda mrefu sijaisikia sauti ile. Nilifurahi hadi nikageuza uso, nikajifanya natafuta nyundo.

Shemeji kachukia. Katangaza kuwa milima basi, sasa anaogelea ziwani, kwenye kina kirefu, na picha ataleta. Auchukue tena msumari? Athubutu!

Nimekata plaiwudi nyingine. KINA KIREFU. Nitaisimika pale maji yanapofika magotini. Safari hii sirudii kosa: herufi nimezipinda kabisa, hata mke wangu asizitambue. Nikakaa nizitazame zikikauka. Zikaniudhi, nikazifuta. Za sasa zimenyooka, na K zote mbili zina mkia.