Mnara wa Pisa wa Ipogolo

Mtu mwingine akiona ukuta umepinda husogea kando, akamshukuru Mungu, akaenda zake. Seni alipouona mnara ulioinama pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, alivua kofia.

Mnara wenyewe ulikuwa wa matofali ya kuchoma. Fundi mmoja aliujenga ili kubeba tangi la maji, akapunja saruji, na mnara ulipoanza kuegemea barabara kuu, fundi akahama bila kuaga. Tangu hapo haukuwa na mwenyewe ila popo.

Seni aliwahi kuosha masufuria kwenye kambi ya Wataliani waliokuja kulaza bomba la mafuta, na begini alikuwa na kalenda yao kuukuu yenye picha ya mnara mweupe wa marumaru, umeinama vilevile. Jirani na mnara huu wa popo alikaa Damari, mjane muuza ulanzi, pombe ya mwanzi, na kibarazani kwake kulikuwa na pikipiki nyekundu ya marehemu mumewe, imefunikwa gunia. Seni akaipenda papo hapo. Mjanja asiye na pikipiki, ndugu zangu, ni mtu wa kukamatwa tu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Unakunywa, au umekuja kushangaa?"

"Nimetumwa na mji wa Pisa, Italia."

"Hao nao wameishiwa ulanzi?"

Seni akafungua kalenda. "Tazama. Huu ni mnara wa kengele wa kanisa lao kuu. Ulianza kulala ungali unajengwa, maana udongo wa chini ni laini. Waliubomoa? Thubutu! Waliuendeleza hivyohivyo, karibu miaka mia mbili. Leo dunia nzima inakwenda kuutazama, na uwanja wake unaitwa Uwanja wa Miujiza. Sasa Pisa wanamtafutia mlezi mdogo wake huyu wa Ipogolo, na mimi ndiye wakala."

Damari akaitazama picha, akautazama mnara. "Wa kwao una nguzo nzuri. Wa kwetu una popo."

"Uzuri huja na umri, mama. Shahidi ni wewe mwenyewe."

Damari akacheka, na mjane akicheka, Seni alijiambia, komeo limetoka. Ada ya ulezi ikawa pikipiki, na jioni ile Seni alikuwa juu yake akielekea Mbeya, tai inampepea mgongoni. Damari akabaki na mnara na kalenda.

Huko Mbeya alitamba sokoni Mwanjelwa hadi siku alipomsikia Anyitike, dereva wa lori la Zambia, akiimba:

*Mnara umeinama, ulanzi waunyoosha;*
*Ukiona wasimama, kikombe kimekutosha.*

"Wimbo gani huo?" Seni akauliza.

"We bwana, hujafika Pisa? Pale Ipogolo! Unakunywa mpaka uuone mnara umenyooka. Malori yamejipanga hadi darajani!"

Usingizi ukamhama Seni. Uongo ule aliuzaa yeye, akaulea yeye, leo unamlisha mtu mwingine! Akarudi mbio.

Alikuta umati umelaza shingo upande mmoja. Damari, fimbo mkononi, alikuwa akionyesha migomba na banda la mbuzi: "Kushoto jumba la ubatizo. Kule kanisa kuu. Msilikanyage, wageni!"

Seni akamvuta pembeni. "Mama, Pisa wameghairi. Wanautaka mnara wao."

"Waje basi."

"Nakurudishia pikipiki."

"Hiyo ni ya mume wangu. Ongeza."

Akaongeza saa. Akaongeza koti. Damari akamtazama miguuni, na Seni akavua viatu, walevi wote wakiwa mashahidi.

"Kalenda nakuachia bure," Damari alisema. "Mimi sina choyo." Akapanda pikipiki, akaiwasha kwa teke moja, akaenda kuishi kwa dada yake, mtaa wa Mlandege.

Wiki ile mvua zikakatika. Seni, mtoto wa wafugaji wa Usangu, alikulia maziwa. Habari za ulanzi hakuzijua. Akamngoja mgema alete ulanzi mpaka akachoka, akamfuata mwenyewe.

"Mwanzi hutoa maji wakati wa mvua tu, kaka," mgema akamwambia, akicheka. "Rudi zikirudi."

Madereva wakaja, wakapewa chai, wakautazama mnara. "Mbona haunyooki?" wakauliza, wakawasha malori.

Jumamosi ikafika. Seni akaona kundi la watu linakuja, likiongozwa na mzee mwenye kofia ya kijani. Moyo ukamruka: wateja!

"Mwenye mnara nani hapa?" mzee akauliza.

"Mimi! Mimi peke yangu! Uliza Ipogolo nzima!"

"Kweli, ni wake," kundi likaitikia. "Tulishuhudia."

"Vizuri sana. Mimi Jailos, balozi wa nyumba kumi. Tangu Krismasi namwambia yule mama kwamba huu utaua watu barabarani, mwenyewe aubomoe. Akaniomba nivumilie hadi mvua ziishe." Mzee akampa sururu, akamtazama miguu yake mitupu kwa huruma. "Anzia juu, ndugu Pisa. Ukianzia chini, tutakuzika humohumo."